Ziara ya Mghoi

Siku hizo shule ilimpeleka mwanafunzi mmoja tu ziarani, na yote aliyoyaona na kuyahisi yaliingia papo hapo vichwani mwa wenzake walioketi darasani. Zamu ya kwenda kwenye maporomoko ya mto ilimwangukia Mghoi, bintiye Wakesho. Aliteleza juu ya jiwe, maji yakamchukua.

Wiki mbili baada ya mazishi, Wakesho alikwenda kwa jirani, akamkuta Mkamburi, aliyesoma darasa moja na marehemu, akichambua mboga.

“Mwanangu, niambie kweli. Aliogopa?”

Mkamburi aliweka ungo chini. “Maji yalikuwa baridi, mama. Nilikuita, hukuja.”

“Alikuita? Yaani Mghoi aliniita?”

“Ndiyo. Mghoi alikuita.” Mtoto akaanza kutetemeka, meno yakigongana, ingawa jua lilikuwa kali.

Wakesho alimkumbatia mpaka akatulia. Alijua amemtonesha mtoto wa watu kidonda, akaona haya. Hata hivyo, alipotoka pale alikwenda kupiga hodi nyumba ya pili, maana darasa lilikuwa na watoto thelathini na wawili, na kila mmoja wao alikuwa amemsikia binti yake akimwita.