Nyumba Isiyotoa Mfuko

Kila gari la taka lilipopita, kila mlango wa mtaa ulikuwa na mfuko wa plastiki uliotuna, isipokuwa wa Bi Mashavu, jirani aliyehamia karibuni. Watu wakaanza kunong'ona. Tunu, wa nyumba ya pili, akashindwa kuvumilia. Akaenda kwake kwa kisingizio cha kuomba chumvi.

"Bi Mashavu, taka zako unazitupa wapi?"

Mwenyeji akacheka, akampeleka uani, akafunua mtungi mkuukuu. "Karatasi nawashia jiko. Maganda na mabaki nayafukia humu kwa udongo na majivu. Mfuko wa nini?"

"Wanasema unaficha kitu."

"Basi tia mkono."

Tunu alijikaza, akitarajia uvundo. Akakuta joto, kama la chini ya kuku anayeatamia. Kitu kidogo, laini kama nyungunyungu, kikafurukuta kati ya vidole vyake. Hakuutoa mkono.