Maharage Mdomoni mwa Panya Buku

Hekaya hii aliisimulia kwanza bibi yetu, Mamkunde Shekiondo, mwaka 1974, tulipokuwa tukichambua maharage.

Panya Buku aliiba mbegu zote za maharage za Kanga, akazificha mashavuni. Kanga alilia, maana mvua ilikuwa imekaribia na vifaranga wake walikuwa wamedhoofu kwa kula majani matupu. Akamshitaki kwa Kobe, mwamuzi asiye na haraka.

"Umeiba?" Kobe akauliza.

Panya Buku alitikisa kichwa, mdomo kaufumba.

"Basi tutamngoja aseme," Kobe akamwambia Kanga. "Hapa haondoki mtu."

Mvua ikanyesha, nao wanangoja. Majani mawili yakachomoza pembeni mwa mdomo wa Panya Buku. Alipoulizwa ni nini, alitikisa kichwa. Kanga hakubishana. Alimchomekea kijiti ili mmea upande, akawa anampalilia ndevu kila asubuhi.

Maharage yalipokauka, Kanga alivuna, akatenga mbegu, mengine akayapika kwa nazi. Vifaranga wakala, wakanenepa. Harufu ikamshinda Panya Buku, akafumbua mdomo.

"Nipeni nusu yangu! Shamba ni langu!"

"Shamba lipi, bwana?" Kobe akauliza.

"Si huu mdomo wangu!"

"Haya, mwenye shamba. Na mbegu ziliingiaje humo?"

Panya Buku akafumba mdomo.

Bibi amefariki, na Kanga alikufa kwa uzee. Kobe yu hai, anangoja jibu. Panya Buku yu hai pia, na mdomo bado kaufumba.