Funda la Mwisho

Siku hizi chuo kikuu hakimfundishi mwanafunzi wa muziki polepole. Humtia mkononi ujuzi wa mpigaji aliyekwisha kufa, uliohifadhiwa kwenye mashine. Mjukuu wangu Salha alipokwenda kusomea fidla, aliniletea karatasi nitie dole gumba, apewe mkono wa marehemu babu yake, Makame. Nilitia upesi. Nilikuwa nimeukumbuka ule mkono.

Jana karudi likizo. Akapiga fidla, nami napepeta mchele.

“Bibi, unalia?”

“Pumba zimeniingia machoni.”

“Pumba gani, na ungo umeuweka chini?”

Nikamtengea chai, maana tangu utoto harufu ya kahawa humchefua. Akaiacha. Akajimiminia kahawa yangu, akanywa, akabakisha funda moja, akanisogezea kikombe bila kuniangalia. Makame alinifanyia hivyo miaka arubaini.

Nililinywa. Lilikuwa tamu, sisemi uongo.

“Salha,” nikamwita. Alikuwa akikaza nyuzi. “Salha, mama.”

Aliitika mara ya tatu.

Karatasi ya mwaka wa pili, ya kumwongezea mkono wa babu yake, iko mezani, inangoja dole langu. Anautafuta wino nyumba nzima. Nimeukalia.