Sanda ya Kiganja Kimoja

Ngo! Ngo! Ngo! "Hodi humo, nyie wachinja bongo!"

Gladness nusura aangushe kisahani cha maabara. Siku kumi na mbili za jasho zilikuwa humo. Alikikatakata kwa wembe kipande cha ubongo wa mtu, akakilainisha kwa dawa, akakichuja, akakizungusha kwenye mashine hadi zikabaki seli shina, zile zinazozaa seli nyingine za ubongo. Mara tatu zilimfia. Safari hii zilikubali.

Aliingia kijana wa Buguruni aliyejiita Shomari, kofia imeshuka hadi masikioni, ana karatasi mkononi na kitambaa cheupe kisichozidi kiganja.

"Nimefuata kopo namba kumi na saba. Nataka vyote vilivyomo."

"Pole na msiba, kaka. Lakini ruhusa ya utafiti ilisainiwa."

"Sahihi ipo, mama ndo kagoma. Kwetu kiungo cha mtu hakitupwi, kinazikwa. Siku ya kumi na mbili hii hali, halali, ati mwanawe yumo kwenye friji kama samaki kibua."

"Kopo lilikuja na namba tu. Alikuwa mtu gani?"

"Mkorofi. Halafu hicho kichwa kibovu, sista! Alikuwaga anaanguka sokoni mchana kweupe, povu mpaka kwenye nyanya za watu. Mbegu ya kichwa hicho unaitakia nini?"

"Ili wengine wasianguke."

Shomari alionyesha mlangoni. "Mama yuko nje kwenye bajaji, na ubani wake. Nipe, tusigombane."

Gladness alisukuma kiti hadi kwenye hadubini. "Tazama kwanza, ndio uchukue."

Akatazama. Vidonge vyeupe, vya mviringo, kama mayai ya chura.

"Jana vilikuwa vidogo kuliko hivyo," Gladness alisema.

"Kwa hiyo vinakua?"

"Vinakua."

"Viko hai?"

"Hai kabisa."

Shomari akapiga mluzi. "Basi mama kaula wa chuya. Aliye hai hazikwi. Hata shehe atatufukuza."

Gladness alitoa mabaki kwenye friji, vijinyama visivyofaa tena. Shomari akavifunga kwenye kitambaa, taratibu, akatia mfukoni.

Kisha akavua kofia, akainama tena kwenye hadubini. Mshono mbichi ulipanda kutoka sikioni hadi utosini.

"Jikazeni humo, nyie," aliviambia vile vidonge. "Ijumaa natolewa nyuzi. Nikitoka tu, wallahi, naja kuwasalimia."