Dawa ya Kwenye Kisahani

Nikiri kwanza: nilipoisimulia hii mara ya kwanza, nilimlaumu muuza majani. Nilikosea. Mdomo ulikuwa wa Lugano, fundi wa maabara, aliyemwambia shemeji yake Sikudhani kwamba majani yale yamezima jeni inayozalisha seli za saratani ya ngozi.

Sasa Lugano alisimama uani kwa Sikudhani, hajapewa hata kigoda. Sikudhani, mwenye ualbino na kidonda sikioni, alikuwa akitwanga majani. Siku yake ya upasuaji ilipita juzi bila yeye kwenda.

"Shemeji, ile ilikuwa kwenye kisahani cha maabara, si mwilini mwa mtu," alisema Lugano. "Na seli zenye afya nazo zilikufa. Hilo sikukwambia."

"Uliona aibu?"

"Nilikuwa na furaha."

"Kafurahie kwenu. Jeni ikizimwa kwako sayansi, ikizimwa kwangu ushamba? Nikatwe sikio, miwani nitundike puani kwako?"

Akachota rojo la kijani, akalipaka kidondani bila kukunja uso. Lugano akapiga magoti vumbini na suruali yake ya kazini.

"Shemeji, twende hospitali leo. Nitakusindikiza mwenyewe."

Sikudhani alikuwa anajifunga kanga kichwani, akiliziba rojo na masikio yote mawili, ncha moja ameing'ata ili alikaze fundo.