Bibi Asiyejibu

Mhadhiri wa saikolojia, ndani ya suti yake ya mtumba, alimsimamisha mbele ya darasa letu bibi mmoja aliyekuwa pekupeku, huku ukungu wa milima ya Magamba ukiingia dirishani.

"Huyu mgonjwa hajasema neno tangu aletwe hospitali. Haya, muulizeni."

Wenzangu wakaanza. "Unaitwa nani?" "Leo siku gani?" "Unasikia sauti?"

Bibi akageukia ukuta, akavuta kanga kufunika vidole vilivyopasuka kwa kulima viazi.

"Mnaona? Hana habari na watu."

Nilikasirika. Mtu wa umri wa bibi zetu, darasa zima limemvaa kwa maswali, hata mmoja hajamwamkia! Nikaenda mbele, nikapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

Akageuka.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hawa wenzako wamelelewa na nani?"