Mtetea wa Sikukuu ya Mavuno

Bibi Anyelwisye alikuwa ameshafika madhabahuni, mtetea wake kwapani, mwinjilisti aliposoma kwamba Mungu hali nyama wala hana haja na sadaka za kuteketezwa.

Akasimama. Nyuma yake foleni ya mikungu ya ndizi na madebe ya mpunga ikasimama pia.

"Mwanangu, Jumapili iliyopita si wewe uliyetusomea tusije mbele za Bwana mikono mitupu?"

"Ni mimi, bibi."

"Leo hataki?"

"Anataka, bibi. Ila hahitaji."

"Hee! Huyu ndiye anayempa mjukuu wangu mayai. Nikamwambie kuku wake amekwenda kwa asiyemhitaji?"

Wanakwaya wakaziba midomo. Mzee wa kanisa akanyoosha mkono ampokee kuku. "Tuendelee, bibi. Mnada wa sadaka unasubiri."

Hapo bibi akahisi kitu cha moto kiganjani, chini ya manyoya. Kuku alikuwa ametaga.

Akalitazama yai, bado lina unyevu, akaliweka kwenye mkono wa mzee.

"Ndaga, asanteni," akasema, akageuka na kuku wake. "Maandiko yenu yakishapatana, mniite. Kwangu mnapajua."